Chumba cha wanne, watu watano: uchambuzi wa kisa cha moto na nidhamu katika hosteli ya chuo, Tabora

Mwezi Juni, hosteli moja ya wasichana wa chuo kikuu hapa Tabora mjini ilinusurika kuungua. Aliyeuzima moto ni binti ambaye kikanuni hakutakiwa kuwemo humo ndani. Wiki tatu baadaye alikuwa na barua ya kusimamishwa masomo mwaka mzima, na mwenye hita iliyowasha moto alikuwa anaendelea na vipindi kama kawaida.

Nafundisha sheria, na nilimsaidia binti huyo kuandika rufaa. Kikaoni sikuingia, kwa kuwa kanuni za chuo chao haziruhusu wakili, lakini faili nimelisoma lote: barua ya wito, taarifa ya matroni, muhtasari wa kikao, maelezo ya waliokaa chumba kile. Wahusika wameniruhusu kukieleza kisa chao ili mradi nisitaje chuo wala majina. Nitawaita kwa nafasi zao chumbani: mwenyeji, ambaye kitanda ni chake, mgeni, aliyelala naye, jirani wa juu, na wa dirishani. Wa nne mwenye kitanda alikuwa kwao Nzega kwenye msiba siku hiyo, lakini naye atajitokeza mbele kwa sababu isiyopendeza.

Chumba chenyewe ni cha kawaida. Dabodeka mbili, kabati nne nyembamba, meza moja, soketi mbili: moja karibu na mlango, nyingine chini ya dirisha. Kutoka soketi ya mlangoni ilitoka ekstensheni nyeupe ya matundu manne, ikapita chini ya kitanda cha mwenyeji. Humo zilichomekwa simu, kompyuta, pasi na hita, kwa zamu na wakati mwingine bila zamu. Kitanda cha chini kimezungushiwa vitenge ili anayelala apate faragha kidogo, na juu ya vitenge kuna chandarua. Jiko la wanafunzi halipo. Maji ya moto hayapo. Kantini inafungwa saa moja jioni.

Mgeni ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa wilaya ya Kaliua. Mkopo hakupangiwa. Mwenzake mwenye mkopo hupata fedha ya chakula na malazi, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 10,000 kwa siku. Yeye alitegemea tumbaku ya baba yake, na malipo ya tumbaku huja baada ya masoko, kupitia chama cha msingi, si wakati chuo kinapofunguliwa. Semista ya kwanza alipanga geto Ipuli. Semista ya pili mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na haikupatikana. Rafiki yake waliyesoma naye sekondari akambeba.

Kubebana kila aliyepita chuo kikuu nchini anakujua: mwenye kitanda anamlaza mwenzake asiye na kitanda, godoro moja la futi tatu, watu wawili, mzungu wa nne. Uhaba wa vitanda si wa Tabora peke yake. Ndio uliosukuma hata ujenzi wa mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 2017 yakiwa na nafasi ya wanafunzi 3,840. Kwenye vyuo vya mikoani watu hubanana kimya kimya, na kila mwaka tangazo la kupiga marufuku kubebana hubandikwa upya mlangoni.

Sikitetei kitendo hicho, na sikukitetea kwenye rufaa. Jirani wa juu aliandika kwamba alikwisha kumlalamikia mwenyeji mara mbili, na ana haki yake. Alilipia chumba cha watu wanne. Bafu linasubiriwa na watu wengi kuliko lilivyojengewa, maji ya ndoo yanakwisha mapema, na hakuna anayependa kuamka usiku akakuta mtu asiyemzoea anatafuta viatu gizani. Ila sababu kubwa kuliko zote ya kukataza kubebana haimo kwenye tangazo lolote nililolisoma: jengo likiwaka moto, daftari la mlinzi ndilo linalosema nani atafutwe. Daftari la hosteli ile linasema watu wanne. Mgeni angelemewa na moshi usingizini, wenzake wanne wangesimama nje, wakahesabiwa, wakatimia, na hakuna ambaye angerudi ndani. Mwanafunzi akielezwa hivyo anaelewa. Akiambiwa tu "ni marufuku" anajifunza saa ambazo mlinzi hubadilishana zamu.

Na ndivyo mgeni alivyokuwa anaingia. Usiku alikesha darasani akijisomea, alfajiri zamu ya walinzi ilipobadilika akapita, akalala nyuma ya vitenge wakati mwenyeji anajiandaa kwenda kwenye kipindi.

Asubuhi ya tukio

Saa moja na nusu asubuhi wa dirishani alitaka maji ya moto ya kunawa. Juni ya Tabora ina baridi yake asubuhi. Alitia maji kwenye jagi la plastiki la lita mbili, akaliweka juu ya stuli pembeni ya kitanda cha mwenyeji kwa kuwa ekstensheni haikufika mbali zaidi, akatumbukiza hita na kuwasha. Umeme ukakatika hapo hapo. Akangoja kidogo, akaona anachelewa, akanawa maji ya baridi na kuondoka. Hita akaiacha imechomekwa.

Umeme ulirudi yapata saa tatu.

Hesabu ya kilichofuata inaweza kufanywa na yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari, na nasikitika kwamba kwenye faili zima hakuna aliyeifanya. Hita ya kawaida ya koili ni ya wati 1,000 hivi. Kupasha lita mbili kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunaihitaji dakika kama kumi na moja. Baada ya hapo maji hayazidi kupata joto, yanageuka mvuke. Kukausha lita moja kunachukua karibu dakika arobaini. Kwa hiyo ndani ya saa moja tangu umeme urudi, nusu ya maji yamekwisha na sehemu ya koili iko hewani. Koili isiyo na maji ya kuipoza inakuwa nyekundu. Jagi la plastiki likaanza kuyeyuka, likainama, na koili ikaegemea chandarua. Chandarua cha nyuzi za plastiki hakihitaji kusubiriwa.

Mgeni aliamshwa na harufu ilipokaribia saa nne. Maelezo yake ya maandishi ni mafupi, na nayanukuu kwa ruhusa yake kwa sababu ndiyo kiini cha kisa chote: "Niliona moto kwenye neti upande wa miguu. Nikashuka, nikazima soketi ya mlangoni nikachomoa waya wote. Nikaivuta neti chini nikaifunika na blanketi. Nikatoka nje nikapiga kelele moto."

Tazama mpangilio wa alichofanya. Alianza na umeme. Hakumwaga maji juu ya kifaa kilichochomekwa, kosa ambalo limeshagharimu watu. Alikivuta chandarua kabla moto haujaingia kwenye godoro, na godoro la sponji likishika hutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, moshi unaoweza kumwangusha mtu mzima kabla miale haijamfikia. Kiganja chake cha kulia kiliungua. Kisha akatoka nje kupiga kelele, akijua vizuri kwamba kelele hizo zinamfichua.

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, ndani ya ofisi ya matroni, na ofisi ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyepiga 114. Ulipofika ufunguo, moto ulikuwa umekwisha: godoro limeungua upande mmoja, pazia limeteketea, ukuta umekuwa mweusi.

Matroni alikuja na daftari. Mazungumzo yao yako kwenye taarifa yake mwenyewe.

"Wewe ni wa chumba gani?"

"Shikamoo mama."

"Nimekuuliza chumba."

"Sina chumba, mama. Nimelala hapa kwa rafiki yangu."

Kuanzia jibu hilo, moto ulisahaulika. Taarifa ya matroni ina kurasa tatu; sentensi mbili zinahusu moto na zilizobaki zinahusu namna mtu asiyesajiliwa alivyoingia. Jioni ile ile mgeni na mwenyeji wakapewa barua ya kuondoka hosteli kabla ya jioni ya kesho yake. Mkono uliungua saa nne asubuhi, ukafungwa bandeji siku iliyofuata, kwa nauli ya bodaboda aliyochangiwa na wenzake. Kwa upande wangu hilo ndilo jambo lisilo na utetezi hata kidogo katika kisa hiki. Kamati inaweza kukosea sheria kwa kutokuijua. Jeraha linaonekana kwa macho.

Kikao

Barua ya wito ilifika Ijumaa jioni, kikao Jumatatu asubuhi. Mgeni alituhumiwa "kukiuka kanuni za hosteli na kusababisha moto kwa kupika chumbani". Kanuni ipi, haikutajwa. Taarifa ya matroni haikuambatanishwa. Kupika kumetoka wapi, sijui: hapakuwa na sufuria, hapakuwa na chakula, hapakuwa na jiko. Palikuwa na jagi lililoyeyuka na hita. Vitu hivyo viwili vilitupwa jalalani mchana wa tukio wakati wa kufagia chumba, navyo ndivyo vilivyokuwa ushahidi. Bahati nzuri jirani wa juu alikuwa amepiga picha kwa simu kabla hawajafagia. Kwenye picha ile plagi ya ekstensheni iko sakafuni karibu na mlango, imechomolewa.

Picha hiyo haikufika kikaoni kwa sababu jirani wa juu hakuitwa. Wala wa dirishani hakuitwa.

Muhtasari una kurasa mbili. Mgeni aliulizwa maswali saba. Sita yanahusu aliingiaje, alilala humo tangu lini, mlinzi gani alimpitisha, na kama wazazi wake wanajua. La saba ni kama ana la kuongeza. Akajibu kwamba anaomba msamaha kwa kulala chumba kisicho chake. Hapo wajumbe wakaandika kuwa "mtuhumiwa amekiri". Alikiri kubebwa, naye akaandikiwa kukiri moto.

Nimekaa muda mrefu na ukurasa huo. Siamini kama wajumbe walimwonea kwa makusudi. Wawili kati yao nawafahamu ni watu waadilifu. Walichokosa ni kutenganisha mambo. Ndani ya chumba kile kulikuwa na makosa matatu tofauti, yenye watu tofauti: kumlaza mtu asiyesajiliwa, ambalo ni la mwenyeji na mgeni, kutumia hita, ambalo ni la wa dirishani, na kuacha kifaa cha umeme bila uangalizi, ambalo pia ni lake na ndilo lililoleta hatari. Ukiyaviringisha pamoja, lawama yote humwangukia aliyekutwa, na aliyekutwa alikuwa amekutwa kwa sababu alikuwa anazima moto.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", na inampa haki ya kukata rufani. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo cha namna hiyo. Kila chuo hujitungia kanuni zake chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 na hati idhini yake, lakini hakiwezi kutunga kanuni zinazopita juu ya Katiba. Katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, lililomo kwenye taarifa za sheria za mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa haki ya kusikilizwa nchini mwetu imekuwa haki ya msingi ya kikatiba. Na katika uamuzi mwingine mahakama hiyo hiyo imesema uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza mtu unatenguliwa hata kama angesikilizwa na uamuzi ukawa ule ule.

Wakuu wengi wa vyuo husikia maneno hayo wakadhani ni mlango wa wakorofi kuponyoka. Kisa hiki kinaonyesha kinyume. Kama mgeni angeletewa tuhuma zilizoandikwa vizuri, moja moja, angejibu kwamba hita si yake. Kamati ingelazimika kuuliza ni ya nani. Wa dirishani angeitwa. Chanzo cha moto kingejulikana wiki ile ile, na chuo kingejua kinachotakiwa kurekebishwa. Kamati ilijinyima taarifa iliyoihitaji kuliko hata mtuhumiwa alivyoihitaji.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Matroni ndiye aliyeshtaki, ndiye shahidi pekee, na kwa wadhifa wake ndiye katibu wa kamati, hivyo alibaki chumbani wajumbe walipokuwa wanaamua. Simlaumu yeye kwa hilo. Nilipoongea naye alikuwa mtu aliyechoka: hosteli nzima mikononi mwake, mlinzi mmoja kwa zamu, na anajua kuwa mwanafunzi akifa kwa moto, wa kwanza kuitwa polisi ni yeye. Aliniambia, "Mwalimu, mimi hao wote nawaita wanangu, lakini ningewaacha, wangeniua." Kosa ni la aliyeandika kanuni zinazomweka mtu mmoja viti vitatu. Katibu anaweza kuteuliwa kutoka kitengo kingine chochote bila gharama.

Adhabu

Mwenyeji alisimamishwa mwaka mmoja. Mgeni vivyo hivyo. Gharama ya godoro, pazia, rangi na ekstensheni waligawanyiwa wakazi wanne sawasawa, na hapo ndipo yule aliyekuwa Nzega msibani alipojitokeza: alirudi akakuta anadaiwa robo ya hasara ya moto uliowaka akiwa wilaya nyingine. Alilipa bila kubisha, kwa kuwa bila risiti asingesaini fomu ya kuruhusiwa kufanya mitihani.

Mzee mmoja aliyewahi kuketi kwenye kamati kama hizi alinikumbusha mwaka 1966. Mwalimu Nyerere, ambaye sisi wa Tabora tunajivunia kwamba alisoma na kufundisha hapa, aliwarudisha makwao mamia ya wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. "Mbona yeye hakuunda kamati?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba walioandamana walijulikana na kosa lao lilijulikana, walisimama mbele yake wakasoma madai yao wenyewe, na hata hivyo baadaye waliruhusiwa kurudi. Hapa kwetu hatukuwa hata tumejua nani kafanya nini. Mzee hakukubaliana nami moja kwa moja, lakini aliomba aione ile picha.

Siku mbili baada ya moto kulikuwa na msako hosteli nzima. Masanduku yalifunguliwa wenyewe wakiwa darasani, zikakusanywa hita, majiko ya umeme na mtungi mdogo wa gesi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Ukaguzi wa usalama unawezekana bila kuivunja, mwenye chumba akiwepo na vilivyochukuliwa vikaandikwa. Lakini nataka kusema zaidi juu ya matokeo. Kabla ya msako, hita zilitumika mchana, juu ya meza, watu wakiziona. Sasa wanafunzi wananiambia zinatumika usiku, chini ya kitanda, mlango umefungwa kwa ndani na kitambaa kimezibwa chini ya mlango ili mwanga na harufu visitoke. Hatari ile ile imehamishwa pasipoonekana.

Hesabu ya umeme inatisha hapa. Hita mbili za wati 1,000 na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,000. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 13, mwisho kabisa wa uwezo wa plagi yetu. Waya mwembamba wa ekstensheni za bei rahisi hauna uwezo huo, na joto kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Funika waya huo kwa blanketi au uupitishe chini ya godoro, joto halina pa kwenda. Fundi yeyote wa umeme angewaeleza wanafunzi haya kwa nusu saa wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo. Sijaona ratiba ya kupokea wanafunzi wapya yenye nusu saa hiyo.

Rufaa

Hatukuomba mgeni aonekane hana kosa. Tuliandika kwamba anakubali kosa la kulala hosteli bila usajili na yuko tayari kwa adhabu yake. Kwamba kosa la moto si lake na hakuna ushahidi uliowahi kutolewa dhidi yake. Na kwamba kitendo chake cha asubuhi ile kizingatiwe. Tukaambatanisha picha, maelezo ya jirani wa juu na cheti cha zahanati. Jirani wa juu, yule aliyelalamika mara mbili, ndiye aliyeandika kwa nguvu kuliko wote. Alisema vitabu vyake na vyeti vyake vya kidato cha sita vilikuwa kwenye kabati hatua mbili kutoka kwenye moto, na anataka kamati ijue nani aliviokoa.

Wa dirishani aliposikia mwenzake ameandika, alikwenda mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi na kueleza yote, umeme ulivyokatika na alivyosahau. Alilia sana, naambiwa. Kwa nini hakusema mapema? Alijibu kwamba aliona wawili wamesimamishwa mwaka mzima, akajiuliza mwenye hita atafanywa nini. Jibu hilo watunga kanuni walisome mara mbili. Adhabu ilipokuwa nzito kupita kosa, mwenye ukweli alifunga mdomo.

Kamati ya rufaa ilifuta kosa la moto kwa mgeni. Yeye na mwenyeji wakapewa onyo la maandishi, na mwenyeji akapoteza kitanda hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Wa dirishani alitakiwa kulipa hasara yote, aliyekuwa Nzega akarudishiwa fedha yake, na wa dirishani naye akaondolewa hosteli kwa semista moja. Nadhani ni uamuzi wa haki, ingawa mimi ningempunguzia kidogo wa dirishani kwa kujitokeza mwenyewe. Kwa mgeni ulichelewa: mitihani ya mwisho wa semista ilikuwa imepita. Chuo kimekubali aifanye pamoja na mitihani ya marudio, ihesabiwe kama mara ya kwanza. Baba yake, aliyekuja kutoka Kaliua mara mbili wakati tumbaku inasubiri kupangwa madaraja, alishukuru, akauliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: binti atalala wapi akirudi?

Chuo kile kinapitia kanuni zake sasa, na nimepeleka mapendekezo yangu kwa maandishi. Nimeomba kila kanuni ya usalama iandikwe pamoja na sababu yake. Nimeomba kiwepo chumba kimoja kila ghorofa chenye vichemshio vya maji viwili vilivyofungwa na fundi kwenye laini yao wenyewe, na hapo ndipo kukataza hita vyumbani kutakuwa na maana. Mitungi ya kuzimia moto itoke ofisini itundikwe koridoni. Vitanda vichache vya dharura vitengwe kwa mwanafunzi aliyekwama kwa wiki chache, asajiliwe kwenye daftari na alipe kidogo. Lakini ninalolisisitiza kuliko yote ni kifungu kimoja: mtu atakayetoa taarifa ya moto, au ya mgonjwa aliyezidiwa, hataadhibiwa kwa sababu tu ya kuwepo mahali hapo. Bila kifungu hicho, siku moja atakuwepo mgeni mwingine nyuma ya pazia, ataona moto, na atafikiria kwanza namna ya kutoka bila kuonekana.

Kwa mwanafunzi ambaye barua ya wito imemkuta akisoma haya: jibu kwa maandishi kabla ya kikao, omba utajiwe kila kanuni unayodaiwa kuivunja na upewe nakala ya taarifa inayokutuhumu, taja mashahidi unaotaka waitwe. Kiri ulilofanya, kwa maneno yanayolitaja hilo peke yake. Ukipewa adhabu, angalia siku za kukata rufaa zilizoandikwa kwenye kanuni za chuo chako, kwa kuwa huwa chache. Njia za ndani zikiisha na bado unaona hukusikilizwa, Mahakama Kuu, ambayo ipo hapa hapa Tabora, inaweza kuombwa iupitie uamuzi huo, na maombi ya kibali yanapaswa kufika ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Barua zote zipeleke kwa mkono, na nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.